Steringi Hafi: Muhadhara wa Wazi

Wazee wangu, shikamooni. Akina mangi, akina mama mnaosubiri daladala ya Kiborloni ambao bahati imewaweka ndani ya sauti yangu, na wewe kinyozi ambaye nakuomba uizime hiyo mashine mpaka nimalize, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie filamu na sizoni za siku hizi. Nani kaniomba? Swali hilo tutalijibu muda ukiruhusu.

Kwanza wasifu, maana siku hizi kila mwenye kifurushi cha intaneti anajiita mchambuzi. Mimi nimekulia kwenye banda la video hapa Pasua, benchi la mbele, enzi ambazo mwenye banda akikukamata hujalipa anakutoa nje umeshikwa ukosi. Nimetolewa sana. Ndiyo maana filamu nyingi nazijua kwa undani upande wa mwanzo. Mwisho wa filamu, ndugu zangu, umewekwa kwa ajili ya watu wasiojua kukisia.

Taaluma yangu ina sheria moja tu: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, risasi zitamwishia, adui atacheka kile kicheko chake kirefu, lakini hafi. Sheria hii nimeigundua mimi. Mnaodai ilikuwepo tangu enzi za Rambo, mlikuwa wadogo, hamkumbuki vizuri.

Ushahidi upo. Mwaka 1994, kwenye The Lion King, Mufasa anasukumwa na ndugu yake Scar, anaangukia kwenye kundi la nyumbu. Watu walilia. Mimi nikasema tulieni. Desemba 2024 Barry Jenkins katoa filamu, inaitwaje? Mufasa! Yuko mzima, kijana, manyoya yanang'aa. Miaka 30, na karudi. Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, akajaribu kunieleza eti hiyo inasimulia ujana wake kabla hajafa. Nikamuuliza, umemwona anatembea au hujamwona? Akasema nimemwona. Basi.

Twende Korea. Squid Game nimeinunua mwenyewe, nimewekewa kwenye flashi pale stendi, iliyotafsiriwa. Watu 456 wenye madeni wanacheza michezo ya kitoto, anayeshindwa anapigwa risasi. Kilichonivutia ni utafiti wa mwandishi wake, Hwang Dong-hyuk. Yule Gi-hun, madeni yamemfika shingoni, anasema wazi kabisa kwamba heri angebaki kuuza nyanya Mbuyuni. Mkorea! Soko la Mbuyuni kalijulia wapi? Halafu lile lidoli likubwa likigeuka, linalalamikia foleni ya Ubungo. Vijana wenye wivu wanasema hayo ni maneno ya DJ aliyetafsiri. Mimi nimesikia kwa masikio yangu, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. Mkitaka kubishana, bishaneni na lile lidoli.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, nimesikia: Juni 2025, sizoni ya tatu, Gi-hun kajirusha kutoka juu ya mnara ili kitoto kichanga kipone, na kafa. Kwangu umeme ulikatika kabla ya hapo, kwa hiyo kitaalamu hajafa. Mwenye haraka ahesabu hadi 2055.

Sasa mlima wangu. Nasema wangu kwa sababu kihamba cha babu kiko Kibosho, na ukisimama nyuma ya zizi asubuhi, mawingu hayajapanda, unauona wote bila kulipa kiingilio. Hollywood waliliazima jina lake mwaka 1952 wakatengeneza The Snows of Kilimanjaro, steringi Gregory Peck. Nikakaa nimsubiri aupande. Jamaa kalala kambini na kidonda cha mguu, anakumbuka wanawake! Mita 5,895 ziko pale pale, hana habari nazo. Hajaulizia hata nauli ya Marangu. Wasomaji wa vitabu wanasema kwenye hadithi yenyewe ya Hemingway, ya 1936, bwana yule anakufa, na Hollywood ndio waliomponya. Mnaona? Waliifuata sheria yangu kabla sijazaliwa, na hawajanilipa senti. Miaka 10 baadaye John Wayne akaenda kukimbizana na faru wa kweli kwenye Hatari!, na akaenda wapi? Arusha. Nina mengi ya kusema juu ya Arusha, ila shemeji yangu yuko kule na bado ana hela yangu, nisije nikamkimbiza.

Filamu za nyumbani nitazipitia upesi, kwa sababu hapa kuna hatari ya kuwepo mtu aliyeziona. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilifika hadi tamasha la Toronto mwaka 2021. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuiona kamba. Hakuna kamba. Kuna Zanzibar ya miaka ya 1950, kuna binti Yasmin aliyemkimbia mume mzee, na kuna Denge anayewakosesha Waingereza usingizi. Alama nne. Kamba ingekuwepo, tisa. Mwaka huohuo Seko Shamte kaleta Binti, wanawake wanne, simulizi nne. Niliona ya kwanza, na kwa kiwango changu cha kawaida hapo nimeimaliza.

Swali la mwisho. Wewe dogo mwenye begi la shule, sema kwa sauti. Kaburi Wazi? Ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, iliyooneshwa Berlin mwaka 2024? Tangazo lake niliona. Familia moja ya Songea na nyingine ya Meru zinawatafuta wazee wao ambao Wajerumani waliwanyonga wakachukua mabaki yao. Hakuna ngumi hata moja. Enhe? Mzee wa Meru ni Mangi Lobulu, alinyongwa hapo juu Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Najua. Siku hiyohiyo na Mangi Meli. Najua, dogo, nimezaliwa hapa. Kama Mangi Meli ni steringi? Nani kasema si steringi? Alipigana na Wajerumani! Kafa?

Rudia swali.

Kichwa chake ukoo unakitafuta mpaka leo, eeh. Sasa sikiliza, kijana. Hapa tunajadili filamu, usituchanganyie na mambo ya kweli. Shule mnafundishwa nini?

Maswali yamefungwa. Mchango wa muhadhara ni shilingi 500, anapokea kinyozi. Mwenye begi atoe 1,000.