Kitambi cha Heshima

Dar es Salaam, mwanamume aliyeoa akibaki na tumbo bapa, mashangazi huanza kumkagua mke. Kitambi ni ripoti ya jikoni, nayo sharti isomeke kwa mbali.

Kina mama nao hawajaachwa nyuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito unaofaa. Ule wa 2015–16 ukakuta 28.

Lawama zote hutupiwa muuza chipsi mayai. Anazistahili kiasi, mafuta yake tunayajua. Lakini mteja huteremshia kwa soda ya mililita 350, yenye sukari ya takriban vijiko tisa vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani linaona ni heri mtu asivuke sita hivi kwa siku nzima. Kisha hupanda bodaboda hadi kituoni, mita mia tatu. Jua kali, bwana!

Daktari akitaja mizani, jibu liko tayari: huu mwili wa ukoo, hata bibi alikuwa hivi. Bibi alilima ekari mbili kwa jembe la mkono, ila hilo halimo kwenye faili.