Sifa za Ujumbe Usiosema Kitu

Waungwana, leo tuusifu ujumbe unaotukanwa kuliko yote mtandaoni: "Jina la mtumiaji au nywila si sahihi."

Kipi kimekosewa? Hausemi. Unaandika upya, taratibu, herufi moja moja, unahakikisha hukubonyeza kitufe cha herufi kubwa. Nao unakujibu yaleyale kwa maandishi mekundu. Wengi huuona kiburi. Mimi naona adabu: ni bawabu asiyemwambia kila mpita njia kama tajiri yumo ndani au katoka.

Tena ujumbe huu umetoka kwenye ukoo uliofunzwa na ulimwengu. Miaka ya 1960, katika mfumo wa kompyuta wa CTSS wa chuo cha MIT, Marekani, mafaili mawili yalibadilishana nafasi kwa hitilafu: la ujumbe wa siku na la nywila. Aliyeingia akakaribishwa kwa nywila za wenzake wote. Babu akiropoka kiasi hicho, mjukuu akiwa bubu tumlaumu?

Tuwasifu na walezi wake. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ikiachwa ilivyo hukwambia bayana kwamba jina lipo, ila nywila ndiyo uliyokosea. Mwizi hapo keshamaliza nusu ya kazi. Mwenye tovuti makini huufuta ukarimu huo, akaweka sentensi moja isiyomfaa mtu yeyote, akalala usingizi.

Pacha wake wa kubadili nywila uliyoisahau ndiye fundi zaidi: "Kama anwani hii imesajiliwa kwetu, tumekutumia kiungo." Unafungua barua pepe, unapekua hadi kwenye barua taka, hujui unangoja kiungo au unangoja hewa. Lakini chukua tovuti ya kliniki. Mwajiri wako akiiandika anwani yako ili achungulie kama unatibiwa pale, ataambulia jibu lilelile lililokukera wewe. Kero yako ndiyo stara yako.

Doa ni moja tu, nalo ni la dada yao, fomu ya kujisajili. Huyo humjibu yeyote aulizaye, tena bila kubembelezwa: "Anwani hii tayari inatumika." Siri iliyofichwa barazani inagawiwa uani. Basi mwenye tovuti, ukishamaliza kuwafunza adabu hawa wawili, kamzibe mdomo na dada yao. La sivyo nirudishie sifa zangu.