Heri Mwenye MGB

Wanaodhani gari ni chombo cha kumfikisha mtu aendako hawajamiliki MGB. Gari hili la spoti, lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, lina adabu zake: halimpeleki mwenyewe popote kabla ya kumuuliza kama kweli safari ni ya lazima.

Wa kuhurumiwa ni jirani mwenye gari jipya. Asubuhi anabonyeza kitufe, injini inawaka, anaondoka. Maskini, hata boneti hajui inafunguliwa wapi! Mwenye MGB anazijua kabureta zake mbili kuliko anavyowajua wakwe zake: ipi imenuna, ipi inataka kurekebishwa Jumamosi hii, ingawa ilirekebishwa Jumamosi iliyopita. Oili ikidondoka sakafuni, anashukuru. Ndiyo dalili kwamba bado ipo.

Serikali ya Uingereza nayo imeona mbali. Kigari cha mfanyakazi kikitimiza miaka 3, sharti kianze kukaguliwa kila mwaka. Lakini gari lililofika miaka 40 bila kubadilishwa sana, tangu 2018 limesamehewa ukaguzi, na kodi ya barabara halilipi. Ndivyo inavyofaa. Breki zikizeeka hupata busara, na kutu iliyotulia chini ya mlango miaka yote hiyo haiwezi kumgeuka mtu leo.

Basi ukimkuta mwenye nalo kando ya barabara, boneti wazi, mikono myeusi, mvua ikimnyea, usimpigie honi. Muulize tu analiuza bei gani. Haliuzwi.