Kamba ya Mazoezi Imefungia Mbuzi

Siku ukinunua mizani ya kupimia uzito, majirani wasijue. Yangu niliinunua Korogwe mwisho wa Januari, nikarudi nayo Handeni ndani ya basi nimeipakata kama mtoto mchanga. Siku ya tatu niliikuta uani, juu yake kiroba cha mahindi, na juu ya kiroba jogoo kafungwa miguu. Nyuma yake foleni ya watu. Aliyekuwa akisoma namba kwa sauti ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunayemwita Bwana Kiporo kwa sababu tangu ahamie kwetu hakuna chakula kilichowahi kulala humu ndani kikaamka salama.

Mizani ile niliinunua kwa sababu ya presha. Wiki moja kabla, mhudumu wa kliniki alinifunga mkanda mkononi, akapata 152 kwa 96. Akanipima uzito: kilo 97. Kwa urefu wangu wa sentimita 172, uwiano wa uzito na urefu ulitoka karibu 33, na mstari wa unene uliozidi unaanzia 30. Hakunitisha. Aliniambia nipunguze kilo 10 taratibu, nusu kilo kwa wiki, isizidi kilo nzima, niendelee na dawa, nisikatize wala kuongeza kitu bila kumuuliza. Nikahesabu wiki: harusi ya Kiporo ni mwisho wa Juni. Hapo ndipo nikaweka lengo.

Nami nikakimbilia njia ya mkato. Stendi nilikutana na muuzaji wa unga wa kijani: kilo 10 kwa siku 14, kijiko kimoja kabla ya kulala. Nilikunywa usiku mmoja tu, na usiku huo sikulala, nilikesha njia ya chooni hadi adhana ya alfajiri. Mke wangu namwita Hakimu, kwa maana hukumu yake haina rufaa. Aliamka, akanitazama nilivyolegea, akauliza: "Baba watoto, ndani ya hii kuna nini?" Pakiti haikuwa na maandishi hata moja. Akaenda nayo chooni akaimwaga yote, huku mimi nikilalamikia hela yangu. Alikuwa na haki. Kinachokuharisha kinakutoa maji, mafuta yanabaki palepale, na mtu anayemeza vidonge vya presha akikaukiwa maji anaweza kuanguka. Ukikutana na unga huo, ndugu yangu, usiuguse.

Ndipo akaingia Karani. Huyu ni kitinda mimba wetu, darasa la sita, mwenye daftari la kila kitu: nani kachelewa, nani kala nyama mbili. Alianza kuandika jikoni. Wiki mbili baadaye akatusomea: dumu la lita 5 la mafuta ya kula limeisha kwa siku 14, na humu tuko sita. Akagawanya. Kila mmoja wetu alikuwa akimeza karibu mililita 60 za mafuta kwa siku. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati wanga na protini zina 4 tu, kwa hiyo kabla hujahesabu ugali wala wali kila kichwa kimeshabeba karibu kalori 500 za mafuta matupu. Kuhusu chai akatazama daftari asinitazame mimi: vijiko vinne, mara tatu kwa siku. Vijiko 12 ni karibu gramu 50 za sukari. Hicho ndicho kikomo kizima ambacho Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu mzima wa kawaida, na mimi nilikuwa nakimaliza kwenye kikombe.

Hakimu akatoa hukumu papo hapo. Dumu moja kwa mwezi. Mihogo ichemshwe, isikaangwe. Bada, ugali wetu wa muhogo, ibaki, maana Mzigua umnyime bada umpe nini, ila bonge liwe nusu na mboga ya mchunga iwe mara mbili, kwa tui jepesi. Kiporo aliomba aondolewe kwenye sheria hiyo kwa kuwa yeye ni mwembamba. Akakataliwa. Sufuria ni moja.

Upande wa mazoezi niliambiwa dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, mwendo wa kukuruhusu kuongea lakini usiweze kuimba. Nilianza na kamba ya kuruka. Kwa uzito wangu magoti yalilalamika siku ya kwanza. Ya pili kamba sikuiona. Niliikuta nyuma ya nyumba imefungwa mbuzi shingoni. Kiporo alisema mbuzi alikuwa anakula mahindi ya jirani, je, nilitaka kesi? Nikamwachia, nikachagua kutembea.

Kutembea Handeni, sasa. Mwanamume wa umri wangu akionekana saa kumi na mbili asubuhi anakaza mwendo na mke wake nyuma, watu hawawazi mazoezi. Wanawaza msiba. Siku ya kwanza watu watatu walitusimamisha kutuuliza nani katutoka, na mzee mmoja alishavaa kofia tayari kutufuata. Na salamu za kwetu hazipitwi mbiombio: unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba, mvua imenyeshaje upande wenu, na mkubwa shikamoo yake lazima usimame. Nusu saa yetu ilikuwa saa nzima, na mwendo wenyewe dakika 15. Mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Siku hiyo moja unatembea vizuri, kila mtu anaelewa. Shida ni siku nyingine. Tukahamia barabara ya Korogwe, tukitoka gizani kabla watu hawajaamka.

Mwezi wa nne nilifika kilo 92, na habari zikasafiri kilomita 65 za lami hadi Manundu, Korogwe, kwa mama mkwe. Huyu tunamwita Bibi Manundu. Nyumba yake iko karibu na yanakosimama mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, watu wakishuka kula, na ameishi miaka mingi akiamini kuwa msafiri yeyote duniani ana njaa. Aliambiwa mkwewe kakonda. Kwa watu wa rika lake neno hilo ni zito. Walizika wengi waliokonda hivyo miaka ya tisini, na mume akikonda mkewe ndiye anayesemwa. Alishuka Handeni na ndoo ya maandazi, mchele wa Mombo kilo 20, majogoo wawili, akaitisha kikao kabla hajanywa maji.

"Mwanangu," alimwambia Hakimu mbele yetu sote, "mume wa watu humpi chakula?"

Mama mkwe akikuandalia, unakula. Hiyo haina mjadala. Nilikula siku nne, na daftari la Karani likaandika kilo 93. Siku ya tano Hakimu alimwomba mama yake atusindikize kliniki, avute subira tu kwenye benchi. Mhudumu akampima na yeye. Ilitoka 168 kwa 100.

Hakusema kitu njia nzima. Usiku alianza kusimulia mwaka 1973, alipokuwa msichana, walivyokaa chini ya mwembe kuzunguka redio kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili nchi nzima walikusanyika kwenye vikundi hivyo, wakisikiliza somo la malaria, kichocho na maji machafu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. "Tulifanya wote pamoja," alisema. "Hakuna aliyechimba choo cha peke yake." Asubuhi chumvi ilikuwa imefungiwa kabatini, ufunguo ndani ya kanga yake.

Harusini nilikuwa na kilo 90, presha 134 kwa 86. Kilo tatu zimebaki. Bibi Manundu alikuja kwa wiki mbili, na sasa huu ni mwezi wake wa tano kwetu. Saa kumi na moja na nusu anagonga dirisha letu kwa fimbo.

"Baba, viatu!"

Namsikia na Karani akikohoa sebuleni, daftari mkononi.