Kabla Hujalima Viazi: Mwongozo kwa Mhitimu wa Kyambogo

Mdogo wangu, najua wazo hilo lilivyokuingia. Ulikuwa Banda, jirani na chuo chetu cha Kyambogo, unakula chipsi ndani ya kavera, mfuko wa plastiki. Ukamuuliza muuzaji gunia la viazi ananunua kwa bei gani. Usiku ukampigia mjomba aliye kijijini Kisoro, ukamuuliza yeye analiuza bei gani. Ukatoa hesabu, usingizi ukakimbia. Asubuhi redio ikasema vijana warudi kijijini, serikali ina pesa. Kabla hujapanda basi, soma hatua hizi. Nimezipanga kwa mfuatano zitakavyokuumiza.

Hatua ya kwanza: jiandikishe. Mpango wa maendeleo ya parishi, ambao kila mtu anauita PDM, ulizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopa milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Walengwa ni kaya zinazolima kwa ajili ya kula tu, kwa hiyo usiende mkutanoni na joho la mahafali. Utafundishwa pia ile hesabu ya Rais Museveni ya ekari nne: moja ya kahawa, moja ya matunda, moja ya malisho, moja ya chakula, na kuku na nguruwe uani. Hesabu ni safi. Shida yake ndogo ni kwamba Kisoro shamba ni kipande kilichoning'inia mlimani, na hizo ekari nne kwanza uzipate. Ukizipata, usiulize gari litapita ekari ipi. Utaambiwa unapinga maendeleo.

Hatua ya pili: tafuta ardhi ya bei nafuu. Ipo. Mwenyewe atakuonyesha kwa kidole na kukuambia barabara iko hapo tu. Elewa kwamba "hapo tu" ni kipimo cha watu wa milimani, na hupimwa wakati wa kiangazi na mtu asiyebeba kitu.

Hatua ya tatu: vuna, kisha safirisha mara tatu. Safari ya kwanza ni ya kichwa, kutoka shambani hadi njia ya pikipiki. Ya pili ni ya boda boda, kwenye tope, hadi lami. Ya tatu ni ya lori la Fuso hadi Kampala, zaidi ya kilomita 450. Wewe uliyesoma utadhani ya tatu ndiyo itakayokufilisi. La. Lami kutoka Kabale hadi Kisoro na Bunagana ipo, na dereva wa Fuso anagawa mafuta yake kwa magunia mengi. Boda boda hana wa kugawana naye, na anatoza kwa mlima na kwa mvua. Kilomita zako chache za mwanzo ndizo ghali kuliko zote zinazofuata.

Na pale boda boda anapotua mzigo, ndipo mnunuzi anapokusubiri, mikono mfukoni. Bei yake haitoki Banda. Inatokana na jambo moja analolijua: huwezi kulirudisha gunia mlimani. Atataka lijazwe mpaka liote nundu, na nundu hiyo hailipiwi. Ukifikiria kumkimbia kwa kuuza ng'ambo ya mpaka, kumbuka upande wa Kongo wa Bunagana uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2022.

Hatua ya nne: omba msaada wa nauli. Vaa viatu vigumu. Afisa kilimo atakuambia nauli ni suala la barabara. Mhandisi wa wilaya atakuambia barabara ni suala la bajeti. Kila wilaya ilianza kupewa shilingi bilioni 1 kwa mwaka ya kutengeneza barabara, pesa inayosikika nyingi mpaka greda liharibike na mvua ianze. Usihangaike kuitafuta UNRA, mamlaka ya barabara iliyoundwa kwa sheria ya 2006. Imevunjwa, kazi zake zimerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. NAADS, iliyoanza 2001 kwa ajili ya ushauri wa kilimo, nayo imerudishwa Wizara ya Kilimo. Ukikuta dirisha lenye fomu ya nauli ya mazao, nipigie simu nije niione.

Hatua ya tano: usikubali kuambiwa msaada wa nauli hauwezekani duniani. Marekani huwarudishia wakulima wa Hawaii na Alaska sehemu ya gharama za usafirishaji, kikomo dola 8,000 kwa mkulima kwa mwaka. Lakini usishangilie kabla ya kuwauliza majirani. Tanzania ya miaka ya 1970 iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam. Mahindi ya mbali yakaongezeka, na Shirika la Usagishaji la Taifa, lililopaswa kuyabeba, likazama kwenye madeni. Nauli haikufutika, ilihamia kwenye daftari la serikali.

Kwa hiyo tatizo halitibiwi kwa fedha peke yake. PDM wenyewe una nguzo saba: ya kwanza inataja uhifadhi, usindikaji na soko, ya pili miundombinu. Mkopo ni nguzo ya tatu, lakini ndio uliotangulia kufika, kwa sababu unakuja kwa simu na simu haihitaji barabara. Viazi vinahitaji.

Hatua ya mwisho: ukiitwa kwenye mkutano wa parishi, waache wengine waombe mbegu. Wewe omba karavati kwenye kijito, greda kabla ya mavuno, na ghala lenye mizani kando ya lami, ili gunia liweze kusubiri bei nzuri badala ya kumsubiri mnunuzi. Wakikuandikia kwenye kumbukumbu za mkutano, omba nakala. Na kabla hujasaini ule mkopo wa milioni, beba nusu gunia kichwani kutoka shambani hadi lami, siku ya mvua. Ukifika bado unataka kulima, saini.