Kikavu au cha Kopo?

Huko Masaki kuna bosi hapati usingizi: mbwa wake ale punje kavu au nyama ya kopo? Daktari wa mifugo kamweleza kuwa chakula kikavu kina maji asilimia 10 hivi, cha kopo 75 na ushee. Yaani kopo lile sehemu kubwa ni maji, tena kwa bei ya kulitia boza aibu. Bosi kakuna kichwa, kaagiza vyote viwili.

Mlinzi wa getini, anayekesha na mbwa huyohuyo, hakuulizwa. Yeye ana ugali na dagaa kwenye kisufuria cheusi, na saa sita usiku mbwa huliacha bakuli lake akaja kumkodolea macho, mate yakimdondoka.

Bosi, mwongeze mlinzi mshahara. Sasa analisha wawili.