Istanbul kwa Kimo cha Mtoto: Uainishaji wa Awali wa Familia Inayotalii

1. Usuli wa tatizo

Wahenga walisema tembea uone. Hawakueleza mtembeaji awe amebeba nani. Pengo hilo la kitaalamu limeachwa wazi kizazi hadi kizazi, na vitabu vya mwongozo havijasaidia kuliziba. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya kiumbe mwenye miguu mirefu, kibofu kitiifu na uwezo wa kusimama mbele ya jengo lililokamilika mwaka 537 bila kuuliza tutakula saa ngapi. Makala hii inachunguza kiumbe mwingine kabisa: familia yenye watoto wadogo iliyoshukia Istanbul kwa likizo, ikiongozwa na mzazi mwenye orodha.

Mji huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, si mgeni kwetu. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wamekuwa wakienda kununua nguo kwenye mtaa wa Laleli, hivyo kila ukoo una shangazi anayejua bei za huko. Pili, husemwa kuwa Istanbul imejengwa juu ya vilima saba, na hakuna nadharia ya malezi inayoweza kujiita imara kabla haijapandishwa kilima na mtoto aliyekataa kutembea.

Mbinu iliyotumika ni uchunguzi shirikishi, maana yake mtafiti ndiye aliyebeba begi la nepi. Sampuli ilikuwa ndogo, yenye makelele, na haikuombwa ridhaa.

2. Aina za watoto

Mtoto mtalii haainishwi kwa umri ulioandikwa kwenye pasipoti. Huainishwa kwa mwendo.

Mbebwa. Huyu hajaja kuona mji, amekuja kuona shingo ya mama. Wazazi wengi humnunulia kigari kipya kwa ajili ya safari, kisha hukutana na mawe ya mitaa ya Sultanahmet na miteremko ya Galata, na kuanzia hapo kigari ndicho kinachobebwa. Kanga ya mbeleko haina magurudumu ya kuvunjika. Mbebwa pia hupata mapokezi makubwa kuliko balozi yeyote: wauza duka hutoka nje kumgusa shavu na kumwambia mashallah, naye hulala.

Mtoro. Miaka miwili hadi minne. Familia ikielekea kaskazini, Mtoro huelekea mashariki. Kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi imesimama nguzo ya jiwe ya Farao Thutmose wa Tatu, iliyochongwa Misri yapata miaka 3,500 iliyopita na kusimamishwa hapo mwaka 390 kwa amri ya Mfalme Theodosius. Mtoro ameipita mara kadhaa kwa kasi. Alikuwa anafukuza njiwa.

Mhoji. Miaka mitano hadi saba. Makazi yake ya asili ni Yerebatan, tangi la maji la chini ya ardhi lililochimbwa zama za Mfalme Justinian, lenye nguzo 336. Kule mwisho kuna vichwa viwili vya Medusa vilivyowekwa chini ya nguzo, kimoja kimelala ubavu na kingine kimepinduliwa. Mzazi hueleza kwamba mafundi walitumia mawe ya majengo ya zamani. Mhoji husikiliza kwa adabu, kisha huuliza kama damu haijamjaa kichwani tangu wakati huo.

Mwanasheria. Miaka minane na kuendelea. Hutambulika kwa mlio wake: “Baba, ulisema.” Ana kumbukumbu ya kila ahadi iliyotolewa tangu uwanja wa ndege, pamoja na zile zilizotolewa ili anyamaze.

Msomaji asiye na uhakika wa aina aliyonayo anaweza kutumia kipimo cha aiskrimu. Muuzaji wa dondurma hutumia fimbo ndefu ya chuma. Humpa mteja koni, huinyakua, humwachia koni tupu, huipitisha juu ya kichwa, na aiskrimu haidondoki kwa sababu imesukwa na unga wa mizizi ya okidi hata ikanata. Mbele ya mchezo huu, Mbebwa hana habari. Mtoro hulia kwa dhati, maana ameporwa mchana kweupe. Mhoji anataka kujua kwa nini haidondoki chini kama ya nyumbani. Mwanasheria humshika baba mkono wenye pochi na kumshauri asilipe hadi mali ifike mdomoni.

3. Aina za maeneo

Wanahistoria hugawa Istanbul kwa tawala: Wabizanti, Waosmani, Jamhuri. Mgawanyo huo una mashabiki wake. Watoto wana wa kwao, nao una matabaka manne.

Vitu vya kulisha. Juu kabisa wapo shakwe wanaofuata feri kutoka Eminönü kwenda Üsküdar au Kadıköy. Abiria hununua simit, mkate wa duara uliopakwa ufuta, na kuwarushia vipande hewani. Mzazi huwa anatangaza kwamba sasa hivi tunatoka Ulaya tunaingia Asia. Tangazo hilo halijapata msikilizaji bado. Wanaofuata ni paka, ambao mji mzima huwalisha kwa pamoja. Mmoja, Tombili wa Kadıköy, alichongewa sanamu mwaka 2016 akiwa ameegemea kiwiko kama mzee wa barazani. Mwingine, Gli, aliishi ndani ya Ayasofya, lile jengo la mwaka 537, hadi alipokufa mwaka 2020, na Obama mwenyewe alimpapasa alipozuru mwaka 2009.

Vitu vya kulowana. Hapa yamo mabomba ya kutawadhia kwenye nyua za misikiti. Mtoto aliyekataa kuoga hotelini hutawadha hapo mara tano mfululizo, hadi mabegani.

Vitu vya kupanda tena. Kinara ni Tünel, reli ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1875. Kwa ukongwe imetanguliwa na ya London tu. Ina urefu wa mita 573, kwa hiyo safari huisha kabla watoto hawajamaliza kugombea dirisha, na ugomvi huo hauwezi kuamuliwa ila kwa kurudi. Kundi hili lina pia lifti ya hoteli.

Vitu vya kungoja. Hili ndilo tabaka pana kuliko yote, na kwa bahati mbaya limebeba karibu orodha yote ya mzazi: kasri la Topkapı, mnara wa Galata, Ayasofya. Ayasofya imekuwa kanisa, msikiti, makumbusho, na tangu 2020 msikiti tena. Kwa Mtoro imekuwa foleni. Hata hivyo, kwenye roshani ya juu kuna marumaru iliyokwanguliwa kwa maandishi ya watu wa kaskazini mwa Ulaya. Jina linalosomeka hapo ni Halfdan. Inaaminika kuwa alikuwa askari wa Kiviking. Hiki ndicho kielelezo pekee kilichomgusa Mwanasheria, aliyetaka kujua kwa nini huyo hakuchapwa. Kwa upande wa sayansi, ni ushahidi kwamba kuchoka ndani ya Ayasofya kulianza zamani sana.

4. Kanuni zilizothibitika

Kanuni ya kibofu: haja huongezeka kadiri familia inavyokaribia dirisha la tiketi. Aliyeulizwa hotelini akasema hana, ndiye.

Kanuni ya siku: Topkapı hufungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe Jumatatu, na soko kuu la kuezekwa Jumapili. Siku ambayo wote wamelala vizuri na viatu vyote vimeonekana, huwa ni mojawapo ya hizo.

Kanuni ya kimo: kwenye umati, mtu mwenye urefu wa mita moja huona mikanda, mikoba na makalio ya mataifa mbalimbali. Kumwambia atazame kuba lililo mita 55 juu ya sakafu ni kumtuma mbali. Waturuki wamelifanyia kazi tatizo hili. Mwaka 2003 walifungua Miniatürk, bustani yenye majengo mashuhuri yaliyopunguzwa mara 25. Huko kilele cha Ayasofya hakizidi kimo cha baba kwa mengi, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima aliyezibwa asione ni mtu mwingine.

5. Kuhusu wazazi

Hawa wapo watatu: Mwenye Orodha, Mpiga Picha na Mlinzi wa Mabegi. Mzazi mmoja anaweza kuwa wote kwa siku moja, na jioni akawa wa tatu peke yake, kwenye benchi la bustani ya Gülhane, viatu amevua.

Uchunguzi unaonyesha kuwa Mwenye Orodha hakusafiri kuona chochote. Misikiti yenye minara sita aliijua tangu nyumbani kwenye simu, na alipofika mbele ya msikiti wa Sultan Ahmed alichofanya ni kuhesabu. Ilipotimia sita, aliridhika, akaweka alama. Mzazi huenda kuhakiki. Aliyekwenda kuona ni mtoto, kwa kuwa hakuambiwa mapema kinachostahili kuonwa, akalazimika kuamua mwenyewe. Aliamua paka.

6. Pingamizi na majibu

Wakaguzi wa makala hii, yaani shangazi, wametoa hoja nzito. Paka wamejaa Lamu. Feri ipo Kigamboni. Hata mahindi ya kuchoma, ambayo watoto waliyala kila siku kandokando ya Bosphorus kwa furaha isiyo kifani, yanauzwa kituo cha daladala karibu na nyumbani. Kwa nini basi kuvuka bahari?

Hoja inakubalika, lakini imesahau kipengele kimoja. Paka wa nyumbani wanaonwa kwa mkono kuvutwa: twende, tumechelewa. Istanbul, mvutaji mkono alikuwa ameachwa bila ofisi, bila mkutano na bila pa kukimbilia, na Jumanne moja, mbele ya lango la Topkapı lililofungwa, akaishiwa hata na orodha. Akachuchumaa. Paka mmoja alitazamwa kwa muda wa kutosha, na watafiti wawili, wa kimo tofauti.

Kwa hiyo nauli ya ndege isihesabiwe kama gharama ya kuuona mji. Ni gharama ya kumtoa mzazi kazini, na kwa bei za sasa bado ni nafuu kuliko njia nyingine zilizojaribiwa.